Mbolea Tumeibishania, Magugu Je?

Uzi: niliyosema kwenye kikao cha vijana, nimeyakata vipande.

1/ Mikutano ya siasa huku Kisii na Nyamira ni mbolea tu: nani ataleta, gunia bei gani. Magugu hayatajwi kabisa.

2/ Mama zetu walizoea palizi mbili, basi. Sasa mvua inachelewa, halafu inamwagika mfululizo. Ukilima kwenye tope, magugu yanashika mizizi tena. Ukipulizia dawa, mvua inaiosha. Palizi ya tatu hiyo, na kibarua anataka pesa yake.

3/ Shamba lisipopaliliwa, mbolea ya ruzuku inalisha magugu pia. Si kwa mahindi peke yake.

4/ Halafu kuna kiduha, yaani Striga, linalosumbua magharibi mwa Kenya. Hunyonya mahindi kwenye mizizi, hupenda udongo uliochoka, na mbegu zake hukaa ardhini zaidi ya miaka 10.

5/ Suluhisho lipo. Watafiti wa ICIPE kule Mbita hupanda desmodiamu katikati ya mahindi na nepia pembeni. Desmodiamu huziotesha mbegu za Striga zikafa njaa, na ng'ombe anapata lishe.

6/ Nani atufundishe? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: sera ya kilimo iko Nairobi, lakini kazi ya shambani ni ya kaunti.

7/ Kwa hiyo mgombea akiahidi mbolea, pigeni makofi, kisha muulizeni: afisa wa kilimo wa wadi hii ni nani, na alifika hapa mara ya mwisho lini?