Mwaka wa Tunguu: Skadoksi katika Nyanda za Maretadu

Skadoksi, yaani Scadoxus multiflorus, ni mmea wa tunguu wa jamii ya Amaryllidaceae, na asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara. Kwa muda mrefu uliwekwa katika jenasi ya Haemanthus, hadi mwaka 1976 Ib Friis na Inger Nordal walipozitenganisha jenasi hizo mbili. Katika nyanda kama za Maretadu, wilayani Mbulu, mvua huwa na msimu mmoja, takriban Novemba hadi Mei, na mwaka wa skadoksi hufuata kalenda hiyohiyo.

Ifikapo Julai juu ya ardhi hakuna hata dalili yake. Tunguu limelala chini kwenye udongo mkavu, umbo lake kama la kitunguu maji, magamba yake manene yakiwa yamejaa wanga na maji. Kusema limelala ni mazoea tu ya lugha, tena yanapotosha: chipukizi la ua limekwisha kuumbika ndani kutokana na akiba ya msimu uliopita, linangoja unyevu. Ndiyo maana mvua za kwanza zikishuka, wakati mkulima anahangaika na mbegu za mahindi, ua huchomoza kabla ya majani au sambamba nayo.

Bua lake ni moja, nene, mara nyingi lenye madoadoa ya zambarau iliyoiva. Kileleni hufunguka tufe jekundu lenye upana wa sentimita 15 hadi 20. Kwa mbali huonekana ua moja. Kwa karibu ni kusanyiko la maua madogo, pengine yakafika 200, kila moja na petali sita nyembamba kama nyuzi na stameni sita ndefu zenye chavua ya njano. Huko Afrika Kusini, watafiti wa nususpishi nyingine ya mmea huu waligundua kwamba vipepeo wakubwa hubeba chavua kwenye mbawa wanapopigapiga juu ya stameni hizo. Wiki moja au mbili, tufe limenyauka.

Wapenda maua huishia hapo, na hapo ndipo shughuli yenyewe inapoanza. Majani mapana huinuka, vikonyo vyake vikikumbatiana na kufanya shina bandia, kama la mgomba. Kwa miezi yote ya masika hutengeneza chakula na kukishusha kwenye tunguu. Jani lililofyekwa Februari ni hasara ya ua la mwakani, si la mwaka huu. Kwa hiyo anayepalilia shamba haoni alichoharibu. Tunguu lenyewe lina kinga yake: sumu za aina ya alkaloidi, ikiwamo likorini, ambazo sehemu kadhaa za Afrika zilitumika kuvulia samaki na kupaka mishale.

Maua yaliyochavushwa huzaa matunda madogo ya mviringo, kijani kwanza, kisha mekundu. Mbegu zake ni laini na zenye maji, hazihifadhiki ghalani kama maharage. Zisipoota mapema hukauka zikafa. Mche hujenga kwanza tunguu dogo, majani yake hufa kila kiangazi na kurudi kila mvua, na hupita miaka mitatu au zaidi kabla ya kutoa bua la kwanza.