MABOMBA MAPYA, VIUNGO VYAKE, NA MAPAFU YETU

(Mazungumzo kwa wanachama wa Zombe. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku ile.)



Tumekuja Zombe kuzungumza habari za mabomba. Huenda mtu akauliza, "Mabomba yana nini hata yahutubiwe?" Nasi twajibu: katika upande huu wa Kitui ni kazi chache sana zilizo karibu na maisha ya watu kama kazi ya mabomba. Mito yetu ni mito ya mchanga. Mvua ikipita, mama huchimba shimo mchangani, au humfuata punda mwenye mitungi ya lita 20. Visima virefu vingi vya huku hutoa maji ya chumvi, na chumvi hula chuma. Ndiyo sababu maji mengine yameletwa kutoka mbali. Kutoka bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, bomba laja mpaka Kitui mjini. Na kutoka bwawa la Kiambere, mto ule ule wa Tana, bomba jingine laenda Mwingi. Mwaka 2018 ilianzishwa kazi ya bwawa la Thwake mpakani mwa Makueni na Kitui, nalo bwawa bila mabomba ni ziwa la kutazama tu.

Basi kazi ipo na itakuwapo. Twauliza: itafanywa kwa ujuzi gani, na kwa kugharimu afya ya nani?

BOMBA LA NYUZI NI KITU GANI

Mabomba ya chuma mwayajua, na ya plastiki nyeusi mwayajua. Leo twasema juu ya bomba la tatu, ambalo mafundi huliita faiba. Hilo limefanywa kwa vitu viwili vilivyoshikana: nyuzi nyembamba za kioo, na gundi ngumu iitwayo resini. Mara nyingi hutiwa na mchanga ndani ya ukuta wake ili liwe nene na kakamavu.

Jambo hili si geni kwetu. Mwenye kujenga nyumba ya udongo hutia nyasi katika udongo, maana udongo peke yake hupasuka, na nyasi peke yake haizuii mvua. Vikiungana, kila kimoja hufunika udhaifu wa mwenziwe. Tena mama asukaye kiondo huzungusha uzi, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka kiondo kinasimama. Kiwandani hufanya vivyo hivyo: nyuzi huloweshwa resini na kuzungushwa juu ya gogo la chuma linalogeuka.

Nyuzi hizo hazizungushwi ovyo. Maji yaliyofungwa ndani ya bomba hulisukuma ukuta kwa kuupasua mara mbili zaidi ya yanavyouvuta kwa urefu wake. Kwa hiyo bomba litakalobeba nguvu zote mbili, nyuzi zake hulazwa mshazari, karibu digrii 55 kutoka katika mstari wa urefu. Kila uzi hupata sehemu yake ya mzigo, kama watu wa mwethya wanaojua kugawana kazi.

Faida yake ni mbili. Kwanza, halili kutu. Pili, ni jepesi. Bomba la chuma la upana wa milimita 300, urefu wa mita 6 na ukuta wa milimita 8, lina uzito wa kilo 360 na zaidi. La faiba lenye upana huo na ukuta wa milimita 6 halizidi sana kilo 65. La kwanza lataka winchi. La pili watu wanne hulibeba. Lakini lina tabia yake: ukiliangusha juu ya jiwe, laweza kupasuka ndani na nje usione kitu. Likianguka, mwambieni msimamizi, msilifukie kimya kimya.

ADUI YUKO KWENYE KIUNGO

Ndugu, bomba zima likilazwa vizuri halina matata mengi. Matata hukaa pale bomba linapokutana na bomba. Kiungo cha kawaida cha faiba ni kola inayovaliwa na ncha mbili, yenye pete za mpira ndani. Pete hizo huzuia maji yasitoke, lakini haziwezi kuzuia bomba lisichomoke. Hapo ndipo watu huumia, basi tufanye hesabu pamoja.

Tuseme tangi liko kilimani, mita 100 juu ya soko. Kila mita 10 za maji huleta shinikizo la bari 1, basi hapa sokoni tuna bari 10. Bomba letu ni la milimita 300. Nguvu ya maji yaliyosimama, yakisukuma kizibo cha mwisho, ni sawa na uzito wa tani 7. Kwenye kona ya digrii 90 ni tani 10. Maji hayatembei, hayapigi kelele, lakini tani 10 zinasukuma ile kona itoke shimoni. Ndiyo maana kwenye kila kona, kila njia panda na kila kizibo hujengwa gogo la saruji linaloegemea udongo mgumu usiochimbwa. Mtu akisema, "Tupime maji leo, saruji tutaweka kesho," anawaweka ninyi mbele ya tani 10.

Na vali isifungwe ghafula. Katika bomba la chuma, maji yendayo mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa kwa mara moja, huongeza karibu bari 10 juu ya zile zilizokuwako. Bomba la faiba hunyumbuka, pigo lake hupungua kadiri ya nusu, lakini ni pigo bado.

Haya ndiyo yafaayo kushikwa na kila mwenye kuunga:

1. Ncha iliyokatwa ichongwe pembeni ili isiukate mpira, kisha ipakwe resini, maana mahali palipokatwa nyuzi zi wazi.

2. Pigeni alama kwenye bomba kuonyesha kina cha kuingia. Bila alama hakuna ajuaye kama limefika.

3. Futeni mchanga wote. Chembe moja chini ya mpira ni mlango wa maji.

4. Tumieni mafuta laini yaliyoletwa na kiwanda. Msipake grisi wala mafuta ya gari, kwa maana mipira mingi huvimba na kuharibika.

5. Livuteni kwa mnyororo pande zote mbili sawasawa. Msilisukume kwa ndoo ya trekta.

6. Chini yake wekeni mchanga usio na mawe, na pembeni shindilieni udongo kwa tabaka. Bomba hili hunyumbuka. Udongo wa ubavuni ndio mkono wake wa pili.

7. Siku ya kupima, jazeni maji polepole na mtoe hewa yote. Msikubali kupima kwa hewa ya kompresa badala ya maji: hewa iliyobanwa ikifunguka hulipuka kama baruti. Na mtu asisimame juu ya kiungo wala mbele ya kizibo.

VUMBI LA ZAMANI NA VUMBI LA SASA

Kabla ya nyuzi za kioo kulikuwa na bomba jingine la namna hii, la kijivu, la saruji iliyochanganywa na nyuzi za asbesto. Lilisifiwa sana: halili kutu, bei yake nafuu. Lililazwa katika nchi nyingi, na Afrika Mashariki pia. Walioteseka ni waliovuta vumbi lake.

Mwaka 1924 huko Uingereza alikufa Nellie Kershaw, mfanya kazi wa kiwanda cha asbesto mjini Rochdale, mwenye umri wa miaka 33. Mapafu yake yalikuwa yamejaa makovu ya vumbi. Sheria ya vumbi hilo ilikuja Uingereza mwaka 1931. Mwaka 1960 daktari Wagner na wenzake wa Afrika Kusini walitangaza watu 33 wenye saratani ya ngozi ya mapafu, wengi wao kutoka eneo la machimbo ya asbesto ya Cape. Uingereza ilipiga marufuku asbesto yote mwaka 1999, na Afrika Kusini 2008. Hesabuni wenyewe: tangu kifo cha yule mama mpaka marufuku ya nchi yake ni miaka 75. Tena ugonjwa huo huweza kungoja miaka 20, 30, hata 40 ndani ya mtu. Mwajiri amekwisha kwenda, kibarua amebaki na kikohozi.

Kwa hiyo mkichimba mkakuta bomba la kijivu la saruji la zamani, msilipige nyundo wala kulikata kwa grainda. Simameni, mwiteni msimamizi. Kanuni za taka za Kenya za mwaka 2006 ziliiweka asbesto katika taka za hatari.

Je, faiba ni asbesto? La. Nyuzi zake ni nene zaidi, na huwasha ngozi, macho na koo. Lakini tusidanganyike. Mchanga uliomo ukutani, ukikatwa mkavu, hutoa vumbi la silika, nalo huua mapafu. Mvuke wa resini huumiza kichwa, na dawa ya kuigandisha ikiingia jichoni yaweza kupofusha. Basi kateni kwa maji, mahali penye upepo, na kila mtu awe na barakoa yenye kichujio, miwani na glavu. Kitambaa kilichofungwa puani si kinga.

HAKI ILIYO MKONONI

Ndugu, twajua neno lililo mioyoni mwenu: "Nikikataa kukata bila barakoa, kesho ataajiriwa mwingine." Ni kweli kwa mtu mmoja. Si kweli kwa watu ishirini waliosema neno moja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, na mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama yenye wajumbe wenu. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo yampa mwajiri siku 7 kupeleka habari ya ajali serikalini tangu aarifiwe. Na madai yakikaa zaidi ya miezi 12 bila kupelekwa, haki hupotea. Kibarua wa siku naye aandike: tarehe, mahali, jina la msimamizi, kilichotokea.

Basi twawaomba mambo matatu. Kila kikosi kichague mtu wa usalama kabla ya mtaro kuanza kuchimbwa. Kila fundi amfundishe kibarua mmoja kuunga, maana ujuzi uliofichwa haumlindi hata mwenyewe. Na kila jeraha, hata dogo, lifike kwa katibu wa tawi juma lile lile.

Maji yatafika Zombe kwa mikono yenu. Twataka mikono hiyo, na kifua kilicho nyuma yake, viwe hai kuyanywa.