Tusingoje Mwokozi wa Kutoka Ikulu



Hapakosi mzee wa kuuliza: laiti Kennedy na Mboya wangaliishi, Kenya ingalikuwaje?

Swali hilo ni zito. Julai 1960 Tom Mboya alimwendea Seneta John Kennedy kuwaombea wanafunzi wetu nauli ya ndege, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kennedy, akiwa Rais, aliuawa Novemba 22, 1963, siku 20 kabla ya uhuru wetu. Mboya akapigwa risasi jijini humu Julai 5, 1969.

Lakini tuseme kweli. Mwaka 1966 ni Mboya huyo huyo, akiwa Katibu Mkuu wa KANU, aliyeandaa mkutano wa Limuru uliomwondolea Jaramogi Odinga umakamu wa chama. Angaliishi akawa Rais, nani angalimzuia?

Wala hakuna rais wa Marekani aliyefika Kamukunji Julai 7, 1990. Waliofika ni wananchi. Wengine hawakurudi nyumbani. Desemba 1991 Kifungu 2A kikafutwa.

Ndugu zangu, kiongozi mwema hupita; sheria njema hudumu ikilindwa. Walinzi wake ni sisi.