Oili ya Usukani Hailiwi, Huvuja: Mazungumzo na Wakazi wa Lemara



Nimeombwa nizungumzie matengenezo ya magari, jambo pana lisilomalizika kwa nusu saa. Nimeona ni heri nichague ugonjwa mmoja, yaani usukani wa haidroliki unaovuja, kwa kuwa ndani yake yamo karibu mambo yote yanayomfanya mlaji alipie kazi moja mara mbili.

Wengi wetu hununua magari yaliyokwisha kutumika Japani kwa miaka mingi. Katika mengi ya hayo, injini huzungusha pampu, nayo pampu husukuma oili kupitia mipira hadi kwenye raki ya stelingi, na nguvu hiyo ndiyo inayokuwezesha kukata kona bila jasho. Mzunguko huo umefungwa. Oili ya injini yaweza kuungua kidogo kidogo, lakini oili ya usukani haina mahali pa kuungulia. Ikipungua, imevuja. Fundi anayekuongezea nusu lita kila mwezi na kukuambia kwamba gari lako linakula oili hajatengeneza kitu. Oili ikiisha, pampu huvuta hewa, huanza kulia kila unapokata kona, na hatimaye hufa. Hapo tatizo la klipu ya mpira limekuwa tatizo la pampu nzima. Usukani wa gari hubaki umeunganishwa na magurudumu kwa vyuma, hivyo bado utageuka, ila utakuwa mzito ghafla, nawe pengine ndio unateremka kutoka Ilboru na abiria wanne.

Basi swali la kwanza kwa fundi si bei. Ni hili: inavujia wapi? Asikadirie, aoshe sehemu zote, awashe injini, kisha atazame. Asipapase mipira kwa mkono injini ikiwa inaunguruma, kwani ukikaza usukani hadi mwisho shinikizo lililomo ndani huweza kuzidi bar 70, zaidi ya mara 30 ya upepo wa tairi la gari dogo, na oili inayochomoza katika tundu dogo huweza kupenya ngozi. Nyumbani, tandika kipande cha boksi chini ya gari usiku kucha. Oili ya usukani mara nyingi ni nyekundu ikiwa mpya, na hudhurungi ikichakaa. Doa litakuonyesha upande wa kuanzia.

Ikivuja kwenye mpira wa kurudishia oili, huenda klipu mpya ikatosha, na ni kazi ya dakika chache. Raki ndiyo hula fedha za watu. Kila ncha ya raki imefunikwa na mpira wenye mikunjo. Fundi akilegeza klipu ya mpira huo na oili ikamwagika, sili za ndani zimekwisha. Lakini kwa nini zimekwisha? Vumbi letu la udongo wa volkano ni laini kama unga, na hukwangua kama msasa. Mpira ukipasuka, vumbi na maji huingia na kuikwaruza shafti au kuitia kutu. Ukifunga sili mpya juu ya shafti yenye mikwaruzo, baada ya muda mfupi itakuwa imekatwa kama ile ya zamani. Mwombe fundi akuonyeshe shafti kabla hajafunga, uipitishie ukucha. Ukucha ukikwama, usinunue sili. Zungumzeni habari ya raki nyingine, na mipira mipya miwili pamoja nayo. Raki ikibadilishwa, magurudumu ya mbele lazima yapimwe mwelekeo wake upya. Bei ya kipimo hicho iingie katika makubaliano mapema.

Kuhusu aina ya oili, soma kifuniko cha kopo lake au kitabu cha gari. Magari mengine hutumia oili ya gia ya otomatiki, mengine hutaka oili yake maalumu. Oili ya breki isiingie humo kamwe, hata kwa dharura: huvimbisha sili na kuziharibu, na uvujaji mdogo huwa mkubwa. Tena, magari mengi madogo ya siku hizi yana usukani wa umeme usiotumia oili hata tone moja. Ukitozwa oili ya usukani kwa gari la namna hiyo, umetozwa hewa.

Wenye matrekta, na yeyote mwenye ndugu anayeendesha boti ya injini Tanga au Ziwa Viktoria, wasikilize kwa makini zaidi. Katika trekta nyingi, na katika boti zenye usukani wa haidroliki, hakuna chuma kinachounganisha usukani na magurudumu au injini ya nyuma. Oili ndiyo kiungo chenyewe. Ikiisha, chombo hakigeuki. Hicho kisitumike hata siku moja kikiwa kinavuja.

Makubaliano yaandikwe, hata katika karatasi ya daftari: uvujaji uko wapi, kifaa gani kinabadilishwa, ni kipya au mtumba, na fundi atarudia kazi bila malipo kwa muda gani. Dai vifaa vya zamani, ni mali yako. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, nayo inataka huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Tume ya Ushindani hupokea malalamiko, na lalamiko lenye karatasi, risiti na sili iliyokatika ndani ya mfuko husikilizwa kwa urahisi kuliko lenye hasira peke yake.

Sasa ninakaribisha maswali. Mwenye gari hapo nje ambaye angependa tulichungulie pamoja, kipande cha boksi ninacho.