Cha Juu cha Kijana: Mhadhara Kuhusu Kulangua Kilichoadimika



Machi 2021, makamu wa rais wa kampuni ya Nike aliyesimamia soko la Amerika Kaskazini alijiuzulu. Siku chache kabla ya hapo, jarida la Bloomberg Businessweek lilikuwa limeandika habari za mwanawe, kijana wa miaka 19, aliyekuwa akinunua raba adimu kwa wingi na kuziuza upya. Jarida lilieleza kwamba kwa mkupuo mmoja kijana yule alitumia dola 132,000 na kutoka na faida ya dola 20,000. Kadi iliyotumika ilikuwa na jina la mama yake. Kampuni ilisema mama hakuvunja kanuni. Hata hivyo aliondoka, na maneno yaliyofuata yalimhusu yeye kuliko mtoto. Mtoto aligawanya watu: wapo waliomwita mlanguzi, wapo waliomwona mfano wa kuigwa na kila kijana asiye na ajira.

Jioni ya leo namrudia kijana huyo, na wengine wadogo kuliko yeye. Mtu wa miaka 15 au 17 akinunua kitu anachojua hakiwatoshi watu, naye hana nia ya kukitumia, anamngoja aliyechelewa ili amuuzie kwa bei ya juu, je, amekosa? Na kama amekosa, amemkosea nani?

Niseme mapema kwamba faida yenyewe haina kosa. Mchuuzi anayenunua machungwa Muheza na kuyashusha Dar es Salaam anatia cha juu, tena si kidogo, na hakuna anayemwita mwizi. Amelipa lori na ushuru, na yaliyooza njiani ni hasara yake. Tukimlaani huyu tutalala njaa. Kwa hiyo wanaomshutumu kijana kwa sababu tu amepata fedha bila jasho hawajasema kitu bado. Wako watu wengi wanaoheshimiwa mjini ambao jasho lao halijawahi kuonekana.

Swali hili ni la kale. Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, mwaka 44 KK alisimulia habari ya mfanyabiashara anayetoka Alexandria na shehena ya nafaka na kufika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Njiani ameona meli nyingine zikija na nafaka. Je, awaambie watu wa Rhodes, bei ishuke, au anyamaze auze? Wanafalsafa wawili wa Kistoa walitofautiana. Diogenes wa Babeli alisema kunyamaza si kudanganya. Antipater, mwanafunzi wake, alisema ni kuwanyima binadamu wenzako jambo wanalostahili kulijua. Karne ya 13 mwanateolojia Thomas Aquinas akachukua njia ya kati: haki haimlazimishi kusema, ila akisema atakuwa mtu mwema zaidi.

Kisa hiki hufundishwa kama somo la kusema kweli. Mimi huvutiwa na jambo lililo mwanzoni mwake: mfanyabiashara yule *alileta* nafaka. Asingesafiri, Rhodes ingekuwa na njaa zaidi. Na zile meli zilizokuwa nyuma yake zilivutwa na nini kama si bei kubwa?

Sasa itazameni PlayStation 5, mashine ya michezo ya video. Sony iliitoa Marekani tarehe 12 Novemba 2020 kwa dola 499. UVIKO-19 ilikuwa imewafungia watu majumbani na chipu zilikuwa haba duniani, hivyo mashine zilikwisha madukani kabla watu hawajamaliza kujaza anwani. Muda si muda zikaonekana mitandaoni kwa bei iliyokaribia mara mbili. Miongoni mwa wauzaji walikuwamo vijana wa sekondari, baadhi yao wakitumia programu zinazonunua kwa kasi ambayo kidole cha binadamu hakiifikii. Bei ile ya juu haikuvuta meli hata moja. Nyongeza yote ilibaki kwa mlanguzi. Haikufika kiwandani ikanunua chipu. Mashine zilikuwa zilezile, na idadi ileile ya watu ilizikosa. Waliobadilika ni waliozipata, na kiasi walicholipa.

Wachumi watanijibu kwamba angalau zilimfikia anayezitaka zaidi. Hapana, zilimfikia mwenye fedha zaidi, na hao ni watu wawili. Lakini sitaki kuitukuza foleni pia. Foleni humpendelea mwenye muda. Muuguzi aliye zamu ya usiku hawezi kukaa mbele ya kompyuta saa nne akisubiri duka lifunguliwe, na kwake yeye mlanguzi anayetia cha juu kidogo huenda akawa msaada. Ninakubali hilo, ila sidhani linaweza kuhalalisha bei iliyopanda mara mbili.

Watu wa kawaida hawana shaka nyingi kama sisi. Mwaka 1986 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha utafiti uliowauliza Wakanada juu ya duka linalouza sepeto za theluji kwa dola 15, ambalo asubuhi baada ya dhoruba linapandisha bei hadi dola 20. Asilimia 82 walisema si haki.

Mafaqihi nao walilijadili kwa kina. Uislamu unakataza ihtikari, yaani kuhodhi bidhaa ili bei ipande, na unakataza pia kuutokea msafara nje ya mji na kununua mzigo kabla mwenyewe hajajua bei ya soko. Aliyeuza hivyo hupewa hiari ya kuvunja biashara akifika sokoni. Madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani yetu, yameibana ihtikari kwenye chakula, wakati Wamaliki wameipanua ihusu kila bidhaa ambayo kuhodhiwa kwake kunaumiza watu. Nadhani Washafii wameona jambo muhimu. Raba si unga. Anayekosa raba ya Jordan ataamka kesho na miguu yake miwili. Ila orodha ya vitu vya lazima haiishii kwenye chakula: Machi 2020, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliamuru supamaketi moja iwarudishie wateja fedha kwa sababu ilikuwa imepandisha bei ya vitakasa mikono. Vitu hivyo siku hizo vilikuwa ndugu wa dawa.

Hapa Tanzania hatuhitaji kuazima mifano. Wenye umri wa kukumbuka miaka ya mwanzo ya 1980 wanajua sukari ya mgao, maduka ya kaya, na mawe yaliyopangwa mstarini kushika nafasi za watu waliokwenda kwanza kutafuta riziki. Watoto walitumwa foleni alfajiri kabla ya shule. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Sheria iliyotungwa iliwanyima washtakiwa dhamana na mawakili, na mwaka uliofuata ilibidi itungwe nyingine iliyorudisha kesi hizo katika mkondo wa Mahakama Kuu. Watu walitupa bidhaa mitoni na vichakani kwa hofu. Mwaka huohuo wa 1983 kampeni ya Nguvukazi ikawakusanya mijini wale walioitwa wazururaji, na humo wakazolewa wachuuzi wadogo waliokuwa wakiuza sigara mojamoja.

Sokoine alikuwa mkweli, na hasira yake ilikuwa na msingi. Kulikuwa na watunza ghala waliopitisha sabuni mlango wa nyuma ilhali rafu zikiwa tupu. Hao waliupika uhaba. Kijana aliyeuza vipande vya sabuni hiyo stendi aliula tu. Kuwaweka kapu moja lilikuwa kosa, na halikujaza rafu, kwa kuwa sehemu kubwa ya uhaba ilitoka kwingine: vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, viwanda vilivyokosa vipuri na fedha za kigeni. Bidhaa zilirudi baada ya bajeti ya Juni 1984 kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza wenyewe.

Ndiyo maana, wanafunzi wangu, kabla ya kuuliza mtu amepata kiasi gani nauliza hivi: kama wewe usingekuwapo, je, mnunuzi wako angekipata kitu hiki dukani kwa bei ya duka? Wa machungwa atajibu hapana, yangebaki Muheza. Vijana wanaochambua mitumba katika masoko ya Karume au Gikomba, wakapata raba moja nzuri chini ya rundo, wakaiosha, wakaishona soli na kuitangaza WhatsApp, nao watajibu hapana. Hao hata wakiuza mara tano ya bei waliyonunulia sina neno nao. Macho yao na mikono yao imo ndani ya bei. Aliyenyakua tiketi ishirini za mechi ili awauzie waliosimama nyuma yake atajibu ndiyo. Amewauzia nafasi yao wenyewe.

Na umri? Umri unapunguza lawama, ila unaigawa zaidi kuliko kuifuta. eBay haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kuwa na akaunti yake. Anatumia ya mtu mzima kwa ridhaa yake. Kwa hiyo nyuma ya mlanguzi wa miaka 15 yupo mkubwa aliyetoa jina, kadi, na mara nyingi sebule iliyogeuzwa stoo isiyolipiwa pango. Yuko pia mkubwa mwingine, kampuni inayotoa jozi chache kwa makusudi ili zigombewe, halafu, kama Nike ilivyofanya Oktoba 2022, inaongeza masharti dhidi ya wanaonunua ili kuuza upya. Sina huruma nayo. Uhaba ule ni tangazo lake la biashara, na kijana ameusoma vizuri kuliko ilivyopenda.

Basi hukumu yangu ni hii. Kijana aliyeuza jozi yake moja ya raba adimu kwa bei ya juu, bila uongo, simwiti mkosaji. Aliyetumia programu au majina ya binamu zake kuvuka kikomo cha jozi moja kwa mteja amedanganya, hata kama nchini kwake hakuna sheria inayomgusa. Marekani yenyewe sheria yake ya 2016 dhidi ya programu hizo inahusu tiketi tu. Na aliyelangua dawa au chakula wakati wa shida arudishe cha juu, awe na miaka 15 au 50. Wazazi mliomo ukumbini, mtoto akija kuomba kadi ya benki kwa biashara ya namna hii, msimfukuze wala msimsifu kwanza. Muulizeni anamuuzia nani, na mtu huyo angefanyaje kama yeye asingekuwapo. Akikosa jibu, kadi ibaki mfukoni.