Kumhamishia Mama Ughaibuni: Mambo ya Kujua Kabla ya Kujaza Fomu

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri)



  Masheikh walionitangulia wameshaeleza wema kwa wazazi kwa dalili zake, na mimi sina ilimu ya kuongeza juu yao. Nimeomba nizungumzie kipande kimoja tu, ambacho nyumba nyingi hapa mjini zinakijua. Mtoto yuko majuu, ana kazi na watoto wake, na mama amebaki huku peke yake na simu. Kila Ijumaa mtoto anapiga na kusema, "Mama, nitakuchukua." Haya, atamchukua vipi?

Shughuli hii nimeipitia mwenyewe. Dada yetu mkubwa yuko Leicester kwa miaka mingi na ana paspoti ya Uingereza. Babetu alifariki mwaka 2015, na eda ya mama ilipokwisha tu dada akaanza kutuma fomu. Sisi tuliobaki tukadhani ni jambo la miezi mitatu. Kumbe!

Hadi mwaka 2012 mzazi mjane aliyefika miaka 65 na anayemtegemea mtoto wake aliweza kuomba kuhamia Uingereza, na wengi walikwenda. Julai 2012 wenyewe wakabadilisha sheria. Tangu hapo, kumtumia mama pesa kila mwezi hakutoshi, wala upweke hautoshi. Ni lazima mzazi awe anahitaji kusaidiwa mambo ya kila siku, kama kuoga, kuvaa na kupikiwa, kwa sababu ya uzee, maradhi au ulemavu. Kisha muonyeshe kwamba msaada huo haupatikani Kenya hata mtoto akitoa pesa. Sasa fikirini. Mtoto mwenye kipato kizuri anaulizwa, kwa nini usimwajiri mtu wa kumuangalia huko huko? Na asiye na kipato anaulizwa, utamlisha kwa nini? Mlango upo, lakini umekuwa tundu la sindano. Ada yake imepita pauni 3,000, na ombi likikataliwa hairudi. Mwaka 2017 sheria hii ilipingwa hadi Mahakama ya Rufaa kule London, na ikabaki vile vile.

Mama wakati ule alikuwa anapanda ngazi mwenyewe na kupika mahamri ya kuuza. Hakuna daktari mkweli angeandika kwamba hawezi kujivisha.

Hapo ndipo akaja wakala mmoja wa hapa mjini. Akachukua shilingi 40,000 na kutupa maneno matamu: "Ombeni viza ya matembezi. Mama aseme anakwenda wiki tatu kuona wajukuu. Akifika, asirudi." Nasema kwa haya, sisi watoto tulikubali. Tukamkalisha mama sebuleni kumfundisha majibu. Akatusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yaani mnanifundisha uongo, na tasbihi ninayo mkononi?"

Tukanyamaza. Halafu akaongeza, "Na ni nani kati yenu ameniuliza kama nataka kuhama?"

Wallahi, hakuna aliyekuwa amemuuliza. Tulikuwa tumepigiana simu miezi minane, sisi kwa sisi.

Jawabu lake nitawapa. Ngoja kwanza niseme habari ya ule uongo, maana najua wako wanaoambiwa maneno yale yale leo. Uingereza ikigundua udanganyifu kwenye ombi, mwombaji anaweza kufungiwa miaka 10. Marekani, mtu akipitisha muda wake zaidi ya siku 180 kisha akatoka, anazuiwa kurudi kwa miaka 3. Akipitisha mwaka, ni miaka 10. Kwa mama wa miaka 70, kumi ni umri wake uliobaki. Na wakati huo yuko ndani ya nyumba ya mtoto, hana haki kamili ya matibabu, anaogopa kila mlango ukibishwa. Huo ndio wema tuliokusudia?

Marekani yenyewe sheria yake ni tofauti, na kwa wazazi ni nyepesi kuliko Uingereza. Mtoto akiwa raia na ametimiza miaka 21, anajaza fomu I-130 kumuombea mzazi, na viza za namna hii hazina kikomo cha idadi kwa mwaka. Lakini sikilizeni vizuri: awe raia. Mwenye Green Card peke yake hawezi kumuombea mzazi. Baba na mama kila mmoja ana ombi lake. Na mzazi hawezi kuja na mdogo wenu mgongoni. Kama mama ana mtoto wa miaka 12 hapa nyumbani, yule hamo kwenye viza ya mama. Ombi la ndugu kwa ndugu husubiri zaidi ya miaka 15. Nimeona nyumba iliyovunjika moyo kwa jambo hili, viza ya mama imetoka na kitinda mimba hana pa kwenda. Mtoto pia hutia sahihi dhamana kwamba mapato yake yamefika asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha kule. Asipofika anaweza kutafuta mdhamini wa pili. Na mzazi akishapata Green Card kule ndiko kwake. Akirudi Mombasa akakaa zaidi ya mwaka bila kibali cha kurudi, anaweza kuipoteza. Sera za Marekani hubadilika kwa tangazo moja la rais, kwa hivyo kabla ya kulipa chochote someni tovuti ya ubalozi wenyewe, sio maneno ya kibarazani.

Kanada wana viza wanayoiita Super Visa, waliyoianzisha Desemba 2011. Hudumu hadi miaka 10, na tangu Julai 2022 mzazi anaweza kukaa miaka 5 kwa safari moja. Inataka bima ya afya isiyopungua dola 100,000 za Kanada, kupimwa afya, na mtoto mwenye kipato cha kutosha. Ukaazi wa kudumu wa wazazi nao umekuwapo, lakini nafasi zake zimekuwa za kualikwa kwa bahati nasibu, na mtoto hubeba dhamana ya miaka 20. Wenye watoto Ghuba wakumbuke kwamba ukaazi wa mzazi umefungwa kwenye kazi ya mtoto. Kazi ikiisha, wote wanafunga mizigo.

Lililotuchosha sana lakini ni makaratasi ya hapa hapa. Kitambulisho cha mama kinasema Fatma, cheti cha kuzaliwa cha dada kinasema Fatuma, na hati ya ndoa haipo kabisa, kwani ndoa ilifungwa na sheikh ambaye ameshatangulia mbele ya haki. Hebu vijana, ukirudi nyumbani leo omba uone vyeti vya wazazi wako. Majina yakihitilafiana, anza kurekebisha sasa, na ndoa isiyo na hati ipelekeni kwa Kadhi wakati mashahidi wako hai. Kazi hii haihitaji mtu awe na mtoto Ulaya.

Jawabu la mama, basi. Alisema anataka kuwaona wajukuu wamjue sauti na harufu yake, na anataka kuzikwa karibu na babetu. Akasema pia, tena mbele ya simu dada akisikia, "Kama mnaniita kwa sababu yaya ni ghali huko, niambieni tu, nitakuja. Lakini niambieni."

Dada alilia. Ilikuwa kweli kidogo.

Tukaomba viza ya matembezi, safari hii kwa ukweli: barua ya dada, taarifa zake za benki, hati ya nyumba ya mama, na sisi watoto tuliobaki huku tumeandikwa wote. Ikatoka. Baadaye akapata ya miaka mitano. Kila ziara haizidi miezi sita, na hawezi kwenda na kurudi mfululizo akawa kama anaishi kule, watamkatalia. Tunamkatia bima, kwa sababu mgeni akilazwa hutozwa asilimia 150 ya gharama, na deni la hospitali likifika pauni 500 linaweza kuharibu ombi la baadaye. Huku nyumbani dada ndiye analipa SHA yake na mshahara wa msichana anayelala naye.

Mwaka jana alikwenda Mei akarudi Agosti. Ramadhani hii yuko hapa, na nikitoka kwenye mkutano huu ninapitia kwake na tende, kwa sababu zamu ya kufuturu naye leo ni yangu.