Kigae Kilichoinuka Juu ya Ghala

Ndugu Mwenyekiti, ndugu makatibu na wanachama,

Naomba leo niliweke kando daftari la hesabu, nizungumze juu ya paa. Ingawa mtaona kuwa paa nalo huishia katika hesabu.

Mwaka juzi, nikikagua chama kimoja cha msingi, nilikuta hati tatu za malipo ya saruji ya "kuziba paa la ghala", zote za mwaka mmoja. Stakabadhi zilikuwa kamili; kwa upande wa karatasi sikuwa na la kuuliza. Nikaomba nionyeshwe ghala. Chini ya mahali palipozibwa mara tatu, magunia ya kahawa ya maganda yalikuwa yameota ukungu. Kahawa ambayo mkulima ameianika hadi ikabaki na unyevu wa kama asilimia 11, sisi tumeilowesha ndani ya nyumba yake mwenyewe!

Tulimwita fundi akafunua. Kigae hushikwa na jino lake la nyuma, linalonasa kwenye papi, na hulaliwa na kigae cha juu yake. Jino likivunjika, papi ikioza au ikipinda, au uchafu ukijaa katikati, kigae huinuka na upepo husukuma mvua ndani. Hapo papi ilikuwa imeoza, na mabonge ya saruji ya zamani ndiyo yaliyozidi kukiinua kigae. Saruji hupasuka kwa jua. Maji huingia katika ufa yakakaa humo, na mbao huzidi kuoza.

Fundi alisukuma juu vigae vya safu iliyofuata, akatoa kile kibovu, akafagia, akapigilia papi mpya yenye unene uleule wa zile za jirani, kisha akarudisha vigae na kuutazama mstari kwa jicho kutoka pembeni. Gharama yote haikufikia hati moja ya saruji.

Asipande mtu paa likiwa limelowa, wala asikanyage katikati ya kigae. Akanyage sehemu ya chini, vinapolaliana juu ya papi. Wekeni pia vigae vichache vya akiba vya umbo lilelile, maana cha umbo jingine hakikai.

Nanyi ndugu makatibu, kabla ya masika fungeni milango ya ghala adhuhuri, mtazame juu: penye mwanga mpya, tieni alama. Hati ya malipo ya paa nitakayoipokea safari ijayo ni ile iliyoandikwa kilichokutwa chini ya kigae.